Mapengo ya Rekodi Kati ya Namba Tasa: Maana Tatu za Neno Moja

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hukutana na istilahi ya namba tasa mapema, pamoja na istilahi za namba shufwa na namba witiri. Hufundishwa kwamba namba tasa ni namba kamili iliyo kubwa kuliko 1, ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Hivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa, ilhali 4, 6, 8, 9, 10 na 12 si tasa. Namba 1 haihesabiwi katika kundi lolote kati ya hayo mawili.

Istilahi hii ina kinaya chake. Katika lugha ya kila siku, tasa ni kiumbe asiyezaa. Katika hisabati, hata hivyo, namba tasa ndizo zizaazo namba nyingine zote, kwa kuwa kila namba kamili iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa yenyewe, ama ni zao la namba tasa zilizozidishwa. Mathalani, 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5, na hakuna mkusanyo mwingine wa namba tasa uwezao kuizaa. Utasa unaokusudiwa, basi, ni ule wa kutogawanyika, wala si ule wa kutozaa.

Makala hii haikusudii kuibadili istilahi hiyo, ambayo imekwisha kukubalika. Inakusudia kueleza jambo moja linalohusu namba hizo, nalo ni mapengo yanayozitenganisha, hasa yale yanayotajwa kuwa ni ya rekodi. Tutajaribu kuonyesha kwamba neno rekodi, likitumika katika uwanja huu, hubeba maana tatu zilizo mbali sana, na kwamba asiyezitenga maana hizo hawezi kupima uzito wa habari yoyote atakayoisikia kuhusu mapengo hayo. Aidha, tutaonyesha kwamba hata baada ya kuzitenga, orodha ya rekodi si hukumu ya mwisho, kwa sababu yaliyoonekana kwa kuhesabu na yanayokisiwa kwa nadharia bado hayajapatana.

2.0 Pengo na Namna ya Kulipima

Namba tasa hazina mwisho. Jambo hili lilithibitishwa na Euclid takriban miaka 300 kabla ya Kristo. Hoja yake ni fupi: mtu akidai kuwa ana orodha ya namba tasa zote, na tuzizidishe zote, kisha tuongeze 1. Namba inayopatikana haigawanyiki kwa tasa yoyote ya orodha ile, kwani kila mara hubaki 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa mpya, ama ina kigawo kilicho tasa ambacho hakimo katika orodha. Maadamu tasa haziishi, kila tasa ina jirani yake wa mbele, na baina ya majirani wawili kuna pengo.

Hatuna budi kukubaliana kwanza juu ya kipimo. Tuchukue tasa mbili zinazofuatana, 113 na 127. Mtu mmoja aweza kusema kuwa pengo lake ni 14, yaani 127 kutoa 113. Mwingine aweza kusema ni 13, akihesabu namba zisizo tasa zilizo katikati, kuanzia 114 mpaka 126. Wote wawili wana hoja, lakini wakizungumza bila kuafikiana watabishana bure. Wanahisabati aghalabu hutumia kipimo cha kwanza, yaani tofauti kati ya tasa mbili, nacho ndicho tutakachokitumia hapa.

Kwa kipimo hicho, pengo la kwanza ni 1, kati ya 2 na 3. Mapengo yote yanayofuata ni namba shufwa, kwa kuwa kila tasa iliyo kubwa kuliko 2 ni witiri, na tofauti kati ya witiri mbili ni shufwa. Tukianza mwanzo na kuandika kila pengo linaloyapita kwa ukubwa yote yaliyolitangulia, tutapata jedwali lifuatalo:

Jedwali 1: Mapengo ya rekodi kumi ya kwanza

2 na 3: pengo 1
3 na 5: pengo 2
7 na 11: pengo 4
23 na 29: pengo 6
89 na 97: pengo 8
113 na 127: pengo 14
523 na 541: pengo 18
887 na 907: pengo 20
1,129 na 1,151: pengo 22
1,327 na 1,361: pengo 34

Msomaji ataona kuwa jedwali limeruka kutoka 8 mpaka 14. Hii si kwamba mapengo ya 10 na 12 hayapo. Yapo, ila yamechelewa: pengo la 10 linatokea mara ya kwanza kati ya 139 na 149, na la 12 kati ya 199 na 211. Yalipofika, rekodi ya 14 ilikuwa imekwisha kuwekwa. Hapa ndipo inapodhihirika sifa muhimu ya rekodi ya namna hii: haitegemei urefu wa pengo peke yake, bali hutegemea pia mahali linapotokea.

3.0 Wastani wa Mapengo

Ili kujua kama pengo fulani ni refu, lazima tujue urefu wa kawaida. Chini ya 1,000 kuna namba tasa 168, hivyo kwa wastani pengo ni takriban 6. Chini ya 1,000,000 kuna namba tasa 78,498, na wastani umepanda kufikia karibu 12.7. Tasa zinazidi kuwa adimu kadiri tunavyosonga mbele, lakini kuadimika kwenyewe ni kwa polepole mno.

Kanuni ya kuadimika huko ilithibitishwa mwaka 1896 na Jacques Hadamard na Charles-Jean de la Vallée Poussin, kila mmoja kwa njia yake. Inasema kuwa katika ujirani wa namba kubwa x, wastani wa pengo hukaribiana na logarithimu asilia ya x. Kwa asiyeitumia logarithimu mara kwa mara, inatosha kukumbuka kwamba kila tunapoongeza tarakimu moja katika namba, yaani kila tunapoizidisha kwa 10, wastani wa pengo huongezeka kwa takriban 2.3 tu. Karibu na milioni moja wastani ni takriban 13.8, karibu na namba yenye tarakimu 100 ni takriban 230.

Basi pengo la 230 likionekana miongoni mwa namba zenye tarakimu 100, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Pengo la 210 linalotokea baada ya 20,831,323, kwa upande mwingine, ni la ajabu, kwa kuwa wastani wa mahali pale haufiki 17. Urefu uko karibu sawa, lakini hukumu ni mbili.

4.0 Namna ya Kutengeneza Pengo Refu

Je, mapengo yana kikomo? Hayana, na uthibitisho wake unaweza kufuatwa na yeyote ajuaye kuzidisha. Zidisha namba zote kuanzia 1 mpaka 5. Zao ni 120. Sasa tazama 122, 123, 124 na 125. Ya kwanza inagawanyika kwa 2, kwa sababu 120 na 2 zote zinagawanyika kwa 2. Kwa hoja hiyo hiyo, ya pili inagawanyika kwa 3, ya tatu kwa 4, na ya nne kwa 5. Tumepata namba nne mfululizo zisizo tasa bila kutafuta. Tukizidisha namba zote kutoka 1 mpaka 100, na kufanya vivyo hivyo, tutapata namba 99 mfululizo zisizo tasa. Kwa hiyo twaweza kutengeneza pengo la urefu wowote tutakao.

Njia hii ni sahihi, lakini ni ya kibadhirifu. Zao la namba zote kutoka 1 mpaka 100 lina tarakimu 158, na katika ujirani wake wastani wa pengo ni takriban 364. Kwa maneno mengine, tumefanya kazi kubwa kujihakikishia pengo lisilopungua 100, mahali ambapo pengo la kawaida ni zaidi ya mara tatu ya hilo! Tukitembea kuanzia mwanzo, pengo la kwanza lisilopungua 100 tunalikuta mapema zaidi, baada ya 370,261, namba ya tarakimu sita tu. Nalo lina urefu wa 112.

Ubadhirifu huo waweza kupunguzwa. Turudi kwenye pengo kati ya 113 na 127, ambalo ndani yake imo ile 120 yetu, na tuulize ni nini hasa kinachozizuia namba 13 za katikati zisiwe tasa. Namba 2 inaziba nafasi saba: 114, 116, 118, 120, 122, 124 na 126. Katika sita zinazobaki, 3 inaziba 117 na 123. 5 inaziba 115 na 125. 7 inaziba 119. Na 11 inaziba 121. Tasa tano ndogo zimetosha kuziba nafasi zote 13, bila hata moja kuachwa wazi.

Zaidi ya hayo, mpangilio huu hujirudia. Zao la 2, 3, 5, 7 na 11 ni 2,310. Tukiongeza 2,310 katika kila namba ya pengo letu, vigawo vile vile vitabaki kuwa vigawo. Hivyo namba zote kuanzia 2,424 mpaka 2,436 si tasa. Msomaji akitaka kuhakiki ataona kwamba 2,429 ni 7 × 347, na 2,431 ni 11 × 221. Tena kwa sadfa, 2,423 na 2,437 zote ni tasa, kwa hiyo pengo la 14 linapatikana pale pia.

Swali la mapengo marefu, basi, ni swali la kuziba nafasi kwa uchache wa vifaa: tukipewa tasa ndogo kadhaa, na tukiruhusiwa kuchagua kila moja ianzie wapi, je, tunaweza kuziba nafasi ngapi mfululizo? Karibu kila kilichothibitishwa kuhusu mapengo marefu kimetokana na kulijibu swali hili kwa ustadi zaidi ya waliotangulia.

5.0 Rekodi za Aina Tatu

Sasa tunaweza kuzitenga maana tatu tulizozitaja. Kwa ajili ya makala hii tutaziita rekodi ya urefu, rekodi ya mwanzo na rekodi ya uzito.

5.1 Rekodi ya urefu

Hii huuliza: ni pengo gani refu kuliko yote ambayo binadamu ameweza kuyaonyesha, pasipo kujali liko wapi? Pengo linalotajwa hapa, lililopatikana na Andreas Höglund mwezi Machi 2024, lina urefu wa 16,045,848, na namba zilizo kwenye ncha zake zina tarakimu 385,713 kila moja. Namba kubwa kiasi hicho ni vigumu kuzithibitisha kikamilifu. Ncha hizo zimepita majaribio ambayo namba isiyo tasa ni nadra mno kuyapita, na kwa hiyo huitwa tasa za kudhaniwa. Tukidai ncha zilizothibitishwa, pengo la 1,113,106 la P. Cami, M. Jansen na J. K. Andersen, lenye ncha za tarakimu 18,662, limetajwa kwa miaka mingi.

5.2 Rekodi ya mwanzo

Hii ndiyo rekodi ya Jedwali 1: pengo linaloyapita yote yaliyo kabla yake. Ni ngumu kuliko ya kwanza, na sababu yake ni bayana. Tumfikirie msafiri katika barabara ndefu yenye vijiji. Akitaka kuonyesha tu kuwa kuna mahali ambapo vijiji viwili vimetengana kwa kilomita mia, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye nyika anayoifahamu na kupima. Lakini akidai kuwa huo ndio mwachano wa kwanza wa kiasi hicho tangu barabara ilipoanza, hana budi aitembee barabara yote, asikiruke kijiji hata kimoja. Ndiyo maana rekodi za urefu zina tarakimu laki kadhaa, ilhali rekodi za mwanzo zimeishia kwenye namba za tarakimu 20. Kufikia Oktoba 2024, rekodi ya mwanzo iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa pengo la 1,676 lililopatikana na Brian Kehrig, linalofuata tasa 20,733,746,510,561,442,863. Ni ya 83 katika orodha inayoanza na 2 na 3.

5.3 Rekodi ya uzito

Hii huligawa pengo kwa wastani wa mahali lilipo, ili kujua limezidi kawaida mara ngapi. Pengo la 14 baada ya 113 ni mara 3 hivi ya wastani. Pengo la 210 tulilolitaja ni mara 12.5. Pengo la Kehrig ni karibu mara 37.7. Lile la Höglund, lenye urefu wa mamilioni, ni mara 18 tu. Kwa kipimo hiki mshindi ni pengo la 8,350 lililopatikana mwaka 2017, likiwa baada ya tasa ya tarakimu 87. Uzito wake ni zaidi ya 41.9. Halishindi kwa urefu, wala hakuna ajuaye kama ndilo la mwanzo la kiasi chake, lakini limeizidi kawaida ya mahali pake kuliko pengo jingine lolote lililotangazwa kufikia mwaka 2022.

Kwa hiyo mapengo matatu tofauti yaweza yote kuitwa ya rekodi, na kila mara neno likawa la kweli. Kosa huingia pale msemaji anapoihamisha sifa ya moja akaivika nyingine.

6.0 Kazi ya Kuhesabu

Rekodi za mwanzo zina historia ndefu ya uvumilivu. Kabla ya kompyuta zilitegemea majedwali yaliyopigwa chapa, kama lile la D. N. Lehmer la mwaka 1914, lililoorodhesha namba tasa zote mpaka 10,006,721. Njia ya msingi ilikuwa, na hadi leo imebaki, ile inayonasibishwa na Eratosthenes: andika namba zote, futa vigawe vya 2, kisha vya 3, kisha vya 5, na kuendelea, zitakazosalia kwenye chekeche hilo ni tasa. Kompyuta zimeongeza kasi, hazikubadili hoja.

Yafaa tukitaje kisa kimoja, kwa kuwa kinaonyesha kilichomo katika kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni ya kujifurahisha. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hisabati katika chuo cha Lynchburg, Virginia, Marekani, alikuwa akihesabu namba tasa mapacha, yaani zile zenye pengo la 2, na kujumlisha 1 gawanya kwa kila moja yao. Matokeo ya kompyuta zake hayakulingana. Alichunguza programu yake, akachunguza mashine, mpaka akabaini kuwa kosa limo ndani ya kichakataji chenyewe: Pentium ya kampuni ya Intel ilikuwa ikikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Miongoni mwa namba zilizoifichua kasoro hiyo ni mapacha 824,633,702,441 na 824,633,702,443. Kampuni ililazimika kuahidi kuwabadilishia wateja, na ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya gharama hizo. Kasoro iliyokuwa imefichika katika vifaa vilivyouzwa duniani kote ilifichuliwa na mtu aliyekuwa akihesabu namba tasa, akakataa kuipuuza tofauti ndogo katika tarakimu za mbali.

Nicely aliendelea na kazi hiyo, akayahesabu pia mapengo, na kwa miaka mingi alitunza orodha za mapengo yaliyogunduliwa na watafiti mbalimbali hadi alipofariki mwaka 2019. Mmoja wa watafiti hao ni Bertil Nyman wa Uswidi, ambaye mwaka 1999 alipata pengo la 1,132 baada ya tasa 1,693,182,318,746,371. Tutalirudia pengo hilo hivi punde. Baadaye Tomás Oliveira e Silva na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, walizipitia namba zote mpaka 4 ikifuatiwa na sifuri 18.

7.0 Yaliyothibitishwa na Yanayokisiwa

Tukiiacha kompyuta na kuuliza nini kimethibitishwa kwa namba zote, tunakuta mipaka miwili iliyo mbalimbali mno.

Kwa upande wa chini, swali ni: mapengo hufika urefu gani kwa hakika? Mwaka 1931 Erik Westzynthius alithibitisha kuwa uzito wa mapengo hauna kikomo, yaani yapo mapengo yanayozidi wastani mara 100, mara 1,000, na zaidi. Paul Erdős aliboresha matokeo hayo mwaka 1935, na Robert Rankin akayaboresha tena mwaka 1938 kwa njia ya kuziba nafasi tuliyoieleza. Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 70, kilichobadilika ni namba moja tu ya kuzidishia katika fomula ya Rankin, huku umbo la fomula likibaki vile vile. Erdős aliahidi dola 10,000 kwa atakayethibitisha kuwa namba hiyo ya kuzidishia inaweza kuwa kubwa kiasi chochote. Alifariki mwaka 1996 bila kuliona jibu. Lilikuja Agosti 2014, mara mbili kwa wakati mmoja: kutoka kwa Kevin Ford, Ben Green, Sergei Konyagin na Terence Tao kwa upande mmoja, na kutoka kwa James Maynard kwa upande mwingine. Baadaye wote watano waliungana na kuandika matokeo yenye nguvu zaidi.

Kwa upande wa juu, swali ni: mapengo hayawezi kupita wapi? Mwaka 1845 Joseph Bertrand alikisia kuwa kati ya namba yoyote iliyo kubwa kuliko 1 na maradufu yake kuna tasa, na Pafnuty Chebyshev akalithibitisha jambo hilo mwaka 1852. Matokeo ya Baker, Harman na Pintz ya mwaka 2001 yanasema kwamba, kwa namba zilizo kubwa vya kutosha, pengo baada ya x halizidi x iliyopandishwa kwenye kipeo cha 0.525, ambacho ni kikubwa kidogo tu kuliko kipeuo cha pili cha x. Ili kuona umbali uliopo, tuweke kipimo hicho kwenye tasa ya Nyman, kwa ajili ya kulinganisha tu: kingeruhusu pengo la karibu milioni 99. Pengo lililoko pale ni 1,132, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyolitangulia!

Je, ukweli uko wapi kati ya mipaka hiyo? Jibu linalojulikana zaidi lilitolewa mwaka 1936 na Harald Cramér, aliyekuwa profesa wa hisabati za bima na takwimu huko Stockholm. Alizichukulia namba tasa kana kwamba zimetawanywa kwa bahati nasibu, kila namba ikiwa na uwezekano wa kuwa tasa unaolingana na wastani wa mahali ilipo. Katika mfano huo, mapengo marefu kabisa hukaribia kipeo cha pili cha logarithimu, yaani wastani uliozidishwa kwa wenyewe. Hii ni nadharia tete. Haijathibitishwa mpaka leo.

Majedwali yanaonekana kuiunga mkono. Tukiligawa kila pengo kwa kipimo cha Cramér, tunapata 0.63 baada ya 113, 0.66 baada ya 1,327, 0.74 baada ya 20,831,323, na 0.85 kwa pengo la Kehrig. Tukiziacha 2, 3 na 7, ambazo ni ndogo mno kuweza kutoa ushahidi, uwiano mkubwa kuliko wote uliojulikana kufikia mwaka 2024 ni ule wa pengo la Nyman, yaani 0.92. Hakuna uliofika 1.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema kuwa 1 ndiyo dari. Hata hivyo, namba tasa hazitawanyiki kwa bahati nasibu halisi: baada ya 2, hakuna shufwa hata moja iliyo tasa, baada ya 3, hakuna kigawe cha 3. Mwaka 1985 Helmut Maier alithibitisha kuwa mfano wa Cramér hukosea hata katika kuhesabu tasa zilizomo ndani ya masafa mafupi ya namna fulani. Kwa kuzingatia hilo, Andrew Granville alitoa hoja mwaka 1995 kwamba lazima yatarajiwe mapengo ambayo uwiano wao unakaribia au kuzidi takriban 1.12. Hakuna aliyewahi kuliona pengo la namna hiyo kati ya tasa zilizo kubwa kuliko 7. Nadharia inasema litarajiwe. Jedwali, baada ya kuzipitia namba zaidi ya bilioni bilioni 20, linasema halijaonekana.

Hakuna upande uliokosea. Logarithimu hukua polepole kiasi kwamba namba yenye tarakimu 20, iliyo kubwa mno kwetu, bado ni ndogo mno kwa jambo hili. Majedwali yetu ni ya mwanzo wa barabara.

8.0 Hitimisho

Tumeona kuwa pengo linaweza kuwa refu bila kuwa la ajabu, likawa la ajabu bila kuwa la kwanza, na likawa la kwanza bila kutuambia linaloelekea kutokea mbele. Kwa hiyo, mwandishi wa Kiswahili atakayeeleza habari za uwanja huu hana budi kusema kila mara ni rekodi ipi anayoikusudia: ya urefu, ya mwanzo au ya uzito. Istilahi hizi tatu tumezitumia kwa kuwa zinatofautisha dhana bila kumlazimu msomaji kuikimbilia lugha nyingine, na tunazitoa zijadiliwe, zirekebishwe au zibadilishwe na wenye bora kuliko hizo.

Jambo la pili linahusu tofauti kati ya kuona na kuthibitisha. Wanaohesabu wamezipitia namba moja moja mpaka tarakimu 20, na kila pengo walilolikuta limekaa chini ya dari ya Cramér. Wanaothibitisha hawajaweza kuiweka dari hiyo, wala hawajaweza kuivunja. Hata dai dogo kuliko hilo, kwamba kati ya namba mraba mbili zinazofuatana, kama 100 na 121, daima kuna tasa, halijathibitishwa, ijapokuwa mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kulielewa na kulijaribu kwa kalamu na karatasi. Yeyote atakayelijaribu ataona linakubali kila mara. Lakini kukubali kila mara lilipojaribiwa si uthibitisho, na ni vyema mwanafunzi huyo akaambiwa hivyo mapema, tena kwa lugha anayoielewa.